Adhabu kali kwa wahalifu: ahadi iliyo na umri kuliko Kenya yenyewe

Huwa nahesabu siku. Mtoto amenajisiwa, au msichana amepatikana ameuawa kwenye nyumba ya kukodishwa kwa usiku mmoja, au genge limevamia duka na kukata watu mapanga. Siku ya kwanza ni picha na machozi. Ya pili ni hasira. Ikifika Jumapili kuna mazishi au harambee mahali, na kiongozi fulani atashika maikrofoni aseme: tutaleta mswada bungeni, hawa watu wanyongwe, wahasiwe, wafungwe hadi waozee huko ndani. Makofi yanalipuka.

Sicheki wanaopiga makofi. Mimi mwenyewe nimepiga, tena nikiwa nimesimama.

Kanuni za uzi huu mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama, aliyeko madarakani wala anayetaka kuingia. Ukidhani unamjua ninayemsema, baki nalo moyoni. Leo nataka tuangalie ahadi hii ya "adhabu kali" imetoka wapi, kwa sababu wengi tunaisikia kama wazo jipya. Si jipya. Tumeijaribu mara kadhaa, na majibu yako wazi kwenye rekodi za korti zetu.

Lakini wacha nianze na Shangazi yangu, mkijua ya kwake mtajua mbona nimekalia mambo haya miaka yote hii.

Mwaka wa 1999 Shangazi alikuwa na duka katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Unga, sukari, mafuta ya taa, hivyo vitu. Jioni moja akifunga, vijana watatu wakaingia. Mmoja alikuwa na panga. Walichukua pesa za siku na redio, na alipojaribu kushika mlango wakamkata mkono wa kushoto. Vidole viwili havijakunja tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari na nilikuwa na maoni ya wazi kabisa kuhusu sheria: wanyongwe.

Na korti ilikubaliana na mimi! Wawili walikamatwa, wakashtakiwa kwa wizi wa mabavu, na mwaka uliofuata hakimu akawahukumu kifo. Nakumbuka nyumbani tulichinja kuku. Miaka minne baadaye, nikiwa chuoni, Shangazi akanipigia simu ya kibandani. "Baba, wale watoto wametoka. Mmoja nimekutana naye stendi. Amenisalimia."

Kwa nini walitoka, nitawaambia mbele. Shikilieni hapo.

Tuanze na kitabu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ile Sura ya 63 ambayo mawakili huitaja kila siku, ilianza kutumika mwaka wa 1930. Haikuandikwa na Mkenya kwa ajili ya Mkenya. Waingereza walikuwa wakituongoza kwa sheria ya jinai ya India, wakaja na nyingine waliyokuwa wakiitumia katika makoloni yao mengi, wakaipachika hapa. Muuaji alinyongwa. Mporaji alifungwa na kuchapwa viboko juu yake. Kuna jamii hapa zilizokuwa na njia nyingine kabisa ya kushughulikia damu: fidia ya mifugo, ukoo kwa ukoo, wazee wakiwa katikati. Kaskazini bado mtasikia hesabu ya ngamia mia moja kwa maisha ya mwanamume. Sisemi ilikuwa bora. Hiyo hiyo hesabu humhesabu mwanamke nusu, na maslaha ya wazee yamezika kesi nyingi za unajisi hadi leo, msichana akibaki na mimba na babake akibaki na mbuzi. Ninachosema ni kwamba kamba ililetwa na meli, haikuwa urithi wa mababu kama wengine wanavyodai jukwaani.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana akatangaza hali ya hatari. Hapa ndipo ahadi ya adhabu kali ilipopata jaribio lake kubwa zaidi katika historia ya nchi hii. Walowezi walitaka vichwa, na serikali ikawapa. Orodha ya makosa ya kunyongwa ikarefushwa: kupatikana na bunduki, kupatikana na risasi, kula njama na wapiganaji, kulisha watu kiapo. Mwaka wa 1953 zikaundwa korti maalum za kuharakisha kesi. Kukawa hata na vifaa vya kunyongea vilivyohamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mwanahistoria David Anderson, aliyefukua faili za kesi hizo na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 2005, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya vita vile. Kama theluthi moja tu ndio waliopatikana na hatia ya kuua. Wengine wote walikufa kwa silaha, risasi, viapo au marafiki. Dedan Kimathi, tunayemwekea maua kwenye sanamu yake Nairobi, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kosa lililompeleka kitanzini halikuwa mauaji. Ilikuwa bastola na risasi.

Ningependa hilo likae vichwani mwetu kidogo. Mtu akikwambia "sheria ikiwa kali wahalifu wataogopa," ujue kuna serikali iliyowahi kunyonga zaidi ya watu elfu moja katika nchi hii kwa miaka michache, ikiwa na jeshi, ndege za kurusha mabomu na kambi za vizuizi, na bado ikafunga virago mwaka wa 1963.

Sasa mngetarajia kwamba baada ya uhuru, watu waliopoteza ndugu zao kwenye kamba ile wangeitupa. Hawakuitupa. Waliiongezea kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na hofu kama hii ya sasa. Benki zilikuwa zikivamiwa, watu wakiporwa nyumbani usiku. Bunge likafanya kile bunge hufanya: likabadilisha Kanuni ya Adhabu, na wizi wa mabavu ukawa kosa la kunyongwa. Si "hakimu anaweza". Ni lazima. Ukishapatikana na hatia, hakimu hana la kupima, hata akikuonea huruma. Na hata jaribio la wizi wa mabavu, ambapo hujabeba chochote, nalo lina kifo.

Someni kifungu cha 296(2) kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pana utamu wote, au uchungu. Wizi unakuwa wa mabavu mwizi akiwa na silaha hatari, AU akiwa na mwenzake mmoja au zaidi, AU akimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa tukio. Ni "au". Si "na". Maana yake vijana wawili wakimsukuma mtu ukutani na kumpokonya simu, bila kisu wala rungu, wameshaingia. Kwa sababu wako wawili. Hukumu yao kwenye kitabu ni kifo. Sasa linganisha: mtu akijaribu kukuua kabisa, akakufyatulia risasi ikakosa kichwa kwa inchi moja, kosa lake ni jaribio la mauaji, na adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Akikuua bila kukusudia, vile vile, maisha ndiyo ya juu. Kwa hivyo kwa mujibu wa kitabu chetu, simu yako ina uzito kuliko roho yako. Hili halikutokea kwa sababu wabunge walikuwa wajinga. Lilitokea kwa sababu sheria iliandikwa kwa hasira ya siku ile, na hasira haina muda wa kulinganisha kifungu na kifungu.

Kuna ubaya mwingine ambao haukuonekana haraka. Kesi ya mauaji husikizwa na jaji wa Mahakama Kuu, na tangu zamani mshtakiwa maskini hupewa wakili na serikali. Wizi wa mabavu ulibaki kwa hakimu. Kifo kile kile, lakini mshtakiwa anasimama peke yake, anamhoji polisi mwenyewe, kwa Kiswahili cha kubahatisha, karani akitafsiri. Na hadi katiba ya 2010 hakukuwa na dhamana kwa kosa la kunyongwa. Ukishawekewa shtaka hilo unakaa rumande hadi kesi iishe, mwaka, miaka minne. Mtaani kila mtu alijua maana ya afisa kukwambia, "Nitakuwekea ya mabavu." Hiyo haikuwa sheria tena. Ilikuwa bei.

Na ni nani aliyekuwa akiongoza mashtaka katika korti hizo za mahakimu? Polisi. Sasa turudi kwa Shangazi.

Sheria ya taratibu za jinai wakati huo ilisema afisa wa polisi anayeongoza mashtaka asiwe chini ya cheo cha Inspekta Msaidizi. Ni sharti dogo, la busara: kama utaomba mtu anyongwe, angalau uwe na cheo fulani. Lakini nchi nzima vituo vilikuwa vikituma yeyote aliyekuwepo. Konstebo, koplo, sajenti. Miaka na miaka, hakuna aliyeuliza. Halafu mwaka wa 2003 wakili mmoja akauliza, na Mahakama ya Rufaa ikajibu: kesi iliyoongozwa na mtu asiyeruhusiwa kisheria si kesi. Ni batili, kana kwamba haikuwahi kufanyika. Mlango ukafunguka. Watu wakaanza kupekua rekodi zao za zamani, kuangalia tu mstari mmoja, ule unaosema nani alikuwa kiongozi wa mashtaka.

Kwenye rekodi ya kesi ya Shangazi kulikuwa na neno moja: koplo.

Majaji wangeweza kuagiza kesi isikizwe upya. Lakini panga lililowekwa kama kielelezo halikuwepo tena kituoni, redio haikuwepo, afisa mpelelezi alikuwa amehamishwa mara mbili, na shahidi mmoja alikuwa amefariki. Wakaachiliwa. Shangazi hakuitwa, hakuandikiwa, hakuambiwa na mtu yeyote. Aliambiwa na mshtakiwa mwenyewe, stendi, kwa salamu.

Sijui kama walikuwa ndio wenyewe. Miaka ile nilikuwa na uhakika. Nimewahi kusoma rekodi yote tangu hapo, kurasa kama arobaini zilizochapwa vibaya, na leo sina. Utambuzi ulifanywa gizani, na gwaride la utambulisho lilifanywa baada ya Shangazi kuwaona wakiwa kwenye gari la polisi. Inawezekana wasio na hatia walikaa kwenye selo za kifo miaka minne. Inawezekana wenye hatia walitoka kwa kosa la koplo. Yote mawili ni mabaya, na adhabu kali kabisa iliyomo katika kitabu chetu haikuzuia hata moja.

Tuendelee.

Watu wa mwisho kunyongwa Kenya walinyongwa mwaka wa 1987, wanajeshi waliopatikana na hatia ya uhaini kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo kamba haijafanya kazi. Hakuna rais aliyetia sahihi, na hakuna rais aliyeiondoa. Marais watatu tofauti, wa tabia tofauti na vyama tofauti, wamefanya jambo lile lile kwa kalamu: Agosti 2009, zaidi ya wafungwa 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa wakabadilishiwa hukumu kuwa kifungo cha maisha. Oktoba 2016, wengine 2,747, wanaume 2,655 na wanawake 92. Julai 2023, tena, wote waliokuwa wamehukumiwa kifo kabla ya tarehe 21 Novemba 2022.

Hebu pigeni hesabu ya hapo katikati. Selo zilikuwa zimemwagwa mwaka wa 2009, na miaka saba baadaye zina watu 2,747. Ni karibu hukumu moja ya kifo kila siku ya Mungu, Jumapili zikihesabiwa. Nchi iliyokuwa ikihukumu watu kunyongwa kila siku na bila kumnyonga hata mmoja. Kama ukali wa maandishi ungekuwa dawa ya uporaji, sisi tungekuwa tunalala milango wazi.

Najua kuna atakayesema: tatizo ni kwamba hatunyongi, tunyonge basi tuone. Sawa. Mwambie akumbuke koplo.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu zaidi kwangu, kwa sababu hapa msimamo wangu hauko sawasawa kama nilivyoonyesha hadi sasa.

Makosa ya ngono yalikuwa na historia ya kinyume. Huko shida ya zamani haikuwa ukali. Ilikuwa dharau. Sheria ya mkoloni iliyaweka makosa haya kwenye sura ya "makosa dhidi ya maadili," kana kwamba aliyeumizwa ni adabu na si mtu. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Wenye umri wangu tunakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa wakiongea kuihusu, kama ajali ya barabarani. Hakimu aliweza kumpa mbakaji miaka miwili, mitatu, akitaja kwamba ni kijana na ana familia. Hakukuwa na kiwango cha chini.

Mwaka wa 2006 mbunge mmoja mwanamke, mteule, akaleta mswada wake binafsi. Bunge lile lilikuwa na wanawake 18 tu kati ya wabunge 222. Mjadala ulikuwa mchafu. Mbunge mmoja alisimama akasema mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa anakubali, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Ili upite, mswada ulibidi ukatwe. Kosa la mume kumbaka mkewe likaondolewa. Na kikaingizwa kifungu kilichomtisha mlalamishi: ukionekana umesingizia, unafungwa miaka ile ile ambayo uliyemshtaki angefungwa. Kifungu hicho kilikuja kufutwa baadaye, lakini kwa miaka kadhaa kilining'inia juu ya kila msichana aliyeingia kituoni.

Kilichobaki ndiyo Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na moyo wake ni viwango vya chini vya adhabu. Ubakaji, si chini ya miaka 10. Ubakaji wa genge, si chini ya 15. Kunajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15.

Hapa mimi nasema wazi: walikuwa na sababu. Viwango vile havikuandikwa kwa hasira ya Jumapili moja. Viliandikwa na watu walioona mahakimu wakimpa aliyemharibu mtoto kifungo cha mwizi wa kuku. Ndiyo maana sipendi mtu anayesema "adhabu kali haisaidii" kana kwamba ni amri ya Musa. Inategemea inajibu nini.

Lakini someni kilichofuata.

Miaka saba baada ya sheria kupita, Juni 2013, msichana wa shule huko Busia alibakwa na genge akitoka kwenye matanga, akatupwa kwenye choo cha shimo, mgongo ukaumia vibaya. Washukiwa walipelekwa kituoni. Sheria ilisema si chini ya miaka 15. Polisi wakawapa kazi ya kufyeka nyasi za kituo, halafu wakawaachilia waende nyumbani. Nyasi! Ilibidi zaidi ya watu milioni moja, humu nchini na ng'ambo, watie sahihi lalama ndipo kesi ikasonga. Aprili 2015 watatu wakafungwa miaka 15.

Mwezi mmoja tu kabla ya tukio lile, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kesi ya wasichana walioishtaki serikali. Hawakuwa wakilalamikia sheria. Sheria walikuwa nayo, mojawapo ya kali zaidi barani. Walilalamikia polisi waliokataa kuandika taarifa, waliowadhihaki, walioitisha pesa, wasiokwenda kumkamata mtu anayejulikana kwa jina na nyumba. Korti ikasema hilo peke yake, kutochunguza, ni kuvunja katiba. Kwangu mimi hukumu ile ina uzito kuliko miswada kumi ya kuhasi watu, lakini sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mazishi.

Upande wa pili wa viwango hivyo nao upo. Kuna wavulana wa miaka 18, 19, waliofungwa miaka 15 kwa sababu ya mpenzi wa miaka 17 ambaye wazazi wake hawakumtaka kijana huyo. Hakimu anaona wazi ni watoto wawili waliopendana, na mikono imefungwa. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufaa ilifika mahali ikasema nchi inafaa kuzungumza kuhusu umri huo. Watu wakawaka moto, viongozi wakaruka, mazungumzo yakafa. Hadi leo hakuna anayetaka kuyashika, kwa sababu ukiyashika tu utaitwa mtetezi wa wanajisi.

Basi kukawa na vuta nikuvute ya korti, na hii nitaipitia upesi maana mawakili wameshaimaliza. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Kifo chenyewe hakikuondolewa. Ulazima ndio ulioondolewa. Magereza yakalipuka kwa shangwe na maombi ya kuhukumiwa upya, hata wa wizi wa mabavu, hata wanajisi. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikawarudisha nyuma: tulisema mauaji peke yake. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu, Machakos na Mombasa, zikasema viwango vya chini vya makosa ya ngono navyo havifai kumfunga hakimu mikono. Wafungwa wakaanza kupunguziwa. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema hapana tena, viwango vya chini vimewekwa na bunge, na bunge ndilo la kuviondoa.

Kwa hivyo tuko hapo. Mwizi wa mabavu bado ana kifo cha lazima kwenye kitabu, wakati muuaji ana jaji anayeweza kumsikiza. Ile simu bado ina uzito kuliko roho. Mtu yeyote mwenye nia ya kweli ya kurekebisha sheria za makosa ya mabavu angeanzia hapo, na haigharimu hata shilingi. Lakini haina makofi.

Januari 2024 wanawake maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu ya mauaji ya wasichana. Nilikuwepo. Nilisoma mabango. Mengi hayakuomba adhabu mpya. Yaliomba tuache kuuawa, tusikizwe tukiripoti. Kufikia Jumapili iliyofuata, kwenye majukwaa, hayo yalikuwa yameshatafsiriwa kuwa miswada ya kunyonga na kuhasi.

Kwa hivyo uchaguzi huu, mgombea wako akishika maikrofoni aanze ile nyimbo, usibishane naye kuhusu huruma kwa wahalifu, atakushinda mbele ya watu. Muulize mambo ya karatasi. Kaunti yako ina madaktari wangapi wanaojaza P3, na wangapi kati yao huja kortini kutoa ushahidi? Sampuli ikitoka hapa inapelekwa wapi, Nairobi, Mombasa au Kisumu, na inakaa huko miezi mingapi? Vielelezo vinawekwa wapi kituoni, kwenye stoo yenye kufuli au chini ya meza ya ripoti? Shahidi analipiwa nauli na nani kesi ikiahirishwa mara ya tano? Muulize alipigia kura bajeti gani ya viongozi wa mashtaka. Kama anajua majibu, hata kama anataka adhabu kali, msikilize, huenda ni mtu wa kazi.

Shangazi sasa ana miaka sabini na kitu. Duka alilifunga mwaka ule ule wa simu. Mwezi jana nilimpelekea sukari, redio ilikuwa ikipiga hotuba ya mkutano fulani, yale yale, wanyongwe, wanyongwe. Nikamuuliza anaonaje. Akafikiria kidogo huku akikanda vile vidole vyake viwili.

"Siku ile ya hukumu mlichinja kuku," akasema. "Mimi sikumla. Nilikuwa bado sijapewa P3 yangu. Daktari alikuwa likizo."

Kumbe hakimu aliwahukumu watu wawili kifo, kwa kukata mkono, bila karatasi ya daktari kuhusu mkono wenyewe. Nilirudi nyumbani nikaisoma rekodi tena, kurasa zote arobaini. Ni kweli. Haimo.